Mbeleko Iliyokwenda Kasaji

Masengo, mtoto uliyenipa jina,

Tangu siku ulipozaliwa hakuna mtu wa mtaa huu anayeniita kwa jina langu mwenyewe. Mimi ni Mama Masengo, basi. Kwa hiyo leo nilipoandika jina lako juu ya ukurasa huu niliona kama ninajiandikia mwenyewe, na pengine ndivyo ilivyo.

Sasa hivi uko ng'ambo ya ua, kwa Mama Zaina, unasukwa nywele za safari. Nawasikia. Anakuambia ukae sawa, wewe unacheka, anakugonga na kitana. "We mutoto wa iniversite, kichwa yako iko nguvu sana, njo maana balikukubali." Umechagua msuko wa nyuzi ndogo ndogo, kwa hiyo atakumaliza jua likianza kushuka. Nina muda huo tu. Nimekaa nyuma ya nyumba, daftari liko juu ya beseni nililoligeuza, na maharage yako motoni. Yakiungua utajua sababu.

Sikuandikii habari za kula vizuri, za kufunga mlango, wala za wanaume wa Lubumbashi. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unayamalizia mwenyewe kabla sijafunga kinywa. Na usicheke herufi zangu. Niliishia darasa la sita, na wewe ndiwe uliyenirudisha kwenye kuandika, ukinisahihisha na kalamu nyekundu kama mwalimu, ukiwa na miaka tisa. Nilikuwa nakosea kusudi mara nyingine, nikuone unavyokunja uso.

Nataka kukuandikia juu ya ndugu yako Kayembe.

Wiki iliyopita uliacha mezani nakala ya ile barua uliyowapelekea wakubwa wa iniversite, walipokuuliza kwa nini unataka kusoma namna mtoto anavyokua na namna watu wa nyumba moja wanavyofungana. Iko kwa Kifaransa. Niliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Umeandika kwamba una mdogo wako wa kiume aliyetolewa kwa mama yake kabla ya kufikisha mwaka, akalelewa na nkambo, bibi yenu, huko Kasaji, na kwamba unataka kujua ni kitu gani kinabaki ndani ya mtoto kama huyo. Halafu ukaandika kwamba vakansi ya kwanza, shule zikifungwa, utakwenda kumtafuta, hata kama wajomba wamempeleka mbali, na utamleta akae na wewe asome.

Nilipofika hapo nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo, ili usinione.

Masengo, Kayembe hayuko Kasaji. Hakuwahi kufika Kasaji. Hayuko Dilolo kwa wajomba. Kayembe alikufa akiwa na miezi kumi, hapa hapa Kolwezi, mchana, na mimi nilikuwapo. Na wewe ulikuwapo. Hilo la mwisho ndilo nililoshindwa kulisema miaka kumi na miwili.

Nataka kulieleza taratibu, kwa sababu ninajua ukisoma hapo moyo wako utakimbilia mahali fulani, na sitaki ufike huko peke yako.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ni mitano tu zaidi ya uliyo nayo leo. Uniangalie kwa macho hayo. Tata, baba yako, alikuwa anachimba madini upande mwingine na wanaume wenzake, anarudi baada ya siku nyingi. Mimi nilikuwa nasafisha mawe ya madini kwenye maji, na wanawake wengine. Unalijua lile bonde, siku hizi kampuni imezungushia ukuta. Zamani lilikuwa wazi, sisi tumejipanga ndani ya maji mpaka magotini, kila mmoja na chekeche lake, na nyuma yake ukingoni kilima chake cha mawe na udongo. Unachota, unatikisa, unamwaga, unachota. Kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: hauachi kilima chako kabla hakijaisha. Ukitoka, ukirudi unakikuta kimekanyagwa, kimechanganyika na cha jirani, na hakuna aliyeona. Unarudi nyumbani na jasho lililokauka tu.

Mtoto mchanga huwezi kumbeba unapoinama vile, analowa, na yale maji yanawasha. Kwa hiyo wasichana wakubwa walikuja na mama zao. Nasema wakubwa. Walikuwa na miaka sita, saba, nane. Walitembea ukingoni wakiwa na wadogo zao migongoni, wakiimba, kundi zima. Hakuna aliyeona vibaya. Mimi mwenyewe nilibeba wadogo zangu hivyo kule Kasaji, shambani kwa nkambo yako. Nilidhani ndivyo msichana anavyokua.

Siku ile nilikufunga Kayembe mgongoni mimi mwenyewe. Ile mbeleko ya kijani yenye ndege. Mafundo mawili kifuani, kwa sababu ulikuwa mwembamba na moja lilikuwa linateleza.

Jua lilikuwa limepanda wakati ulipokuja nyuma yangu mara ya kwanza. "Mama, Kayembe iko moto."

Mi sikugeuka. Nilikuwa nimejaza chekeche. Nikasema, "Ni jua. Umufunike kichwa."

Ukaenda. Ukarudi. "Mama, anakataa maji."

"Umubebe tu, atalala."

Mara ya tatu ulishuka mpaka miguu yako ikaingia majini. Nilikuona viatu tu, vile vyako vya plastiki vya rangi ya pinki, kwa sababu nilikuwa nimeinama. Ukasema, "Mama, umuone."

Umuone. Neno moja. Ilikuwa kunyoosha mgongo na kugeuza shingo, kazi ya muda wa kumeza mate. Kilima changu kilikuwa kimebaki nusu, na yule mwanamke wa kando yangu alikuwa mwizi anayejulikana. Nikasema, "Masengo, usinisumbue. We njo mukubwa."

Ulikuwa na miaka saba. Meno yako mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Ukaenda, na nikakusikia unamwimbia. Baadaye Kayembe akanyamaza. Nataka ujue kila kitu, kwa hiyo nakuandikia na hili: aliponyamaza nilifurahi. Nilijisemea, sasa amelala, nitamaliza. Sisi wote pale tuliamini mtoto akilala mgongoni ni mzima. Niliimba pia, wimbo wako, ule uliokuwa unaimba ukingoni. Na nikamaliza kilima chote.

Nilipotoka majini ulikuwa umekaa chini ya kivuli cha magunia, umeegemea upande, umempa nafasi. Ukaweka kidole mdomoni. "Usimuamushe, Mama. Alilala sasa tu."

Nilifungua fundo la kwanza. Nilipofungua la pili nilikuwa nimekwisha kujua, kwa sababu ya mkono wake ulivyoshuka.

Nikasema, "Ndiyo. Analala."

Uongo wote uliofuata, Masengo, ulianzia hapo. Sikuupanga. Ulikuwa unaniangalia, na uso wako ulikuwa na fahari, umefanya kazi yako, umemlaza mtoto. Nani angeweza kukuvua uso ule?

Mama Zaina alikuwa anauza vitumbua pale juu, karibu na magari. Nilimwendea na Kayembe kifuani, nimemfunika. Aliniangalia mara moja tu, akaelewa, akakushika mkono. Alikupeleka kwake. Mimi nilikimbia mpaka kituo cha afya ingawa nilijua. Yule muuguzi hakunigombeza. Alisema ni malaria, ilimpanda haraka. Akaniuliza joto lilianza lini, na nikamwambia sijui. Hata hilo halikuwa kweli. Nilijua. Lilianza uliponiambia.

Wakati wa mazishi ulikuwa kwa Mama Zaina siku mbili. Kwetu hapa mtoto mdogo haambiwi habari ya kifo, unalijua hilo. Anaambiwa mtu amesafiri. Kila mtu aliona sawa. Lakini mimi nilikuwa na sababu nyingine, na ndiyo nataka uielewe vizuri.

Tata yako alifika siku ya pili, na dada yake mkubwa akaja naye. Tulikuwa tumekaa chini kwenye mkeka, wanawake wamejaa, na yule tanti, shangazi yako, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Alikufia ku mugongo ya nani?"

Kila mwanamke aliyekuwa pale alijua swali lile linakwenda wapi. Mwaka ule ule, mtaa wa nyuma, kulikuwa na mtoto wa miaka tisa ambaye watu wa nyumbani kwake walisema amekula dada yake kwa uchawi. Walimfungia kwenye chumba cha maombi, wakamnyima chakula, mwisho wakamfukuza. Alikuwa analala sokoni, chini ya meza za samaki. Wewe ulikuwa unampa ndizi, sijui kama unakumbuka.

Nikasema, "Ku mugongo yangu."

"Tuliambiwa ni Masengo aliyebeba mutoto."

"Asubuhi tu. Nilimukamata mimi. Alikufia kwangu."

Mama Zaina alikuwa mlangoni. Alisema, "Haki ya Mungu, mi nilikuwa pale. Niliona. Ilikuwa ku mugongo ya mama yake." Mwanamke yule haapi bure, hata kwa utani hataji jina la Mungu ovyo. Siku ile aliapa. Hatujawahi kulizungumza kati yetu mpaka juzi.

Tata yako aliamini. Mimi ndiye niliyemfanya aamini. Miezi michache baadaye akaenda Lubudi, na nikakuambia ni kazi. Siyo kazi. Aliniambia hawezi tena kulala nyumba moja na mgongo wangu. Sina hasira naye. Alipewa uongo akauchukulia kama mtu anavyouchukulia ukweli. Ukimtembelea siku moja, umwambie au usimwambie. Hilo nakuachia.

Usinifanye mtu mwema kwa sababu ya jambo lile. Nimelichungulia miaka mingi, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Nilikukinga, ni kweli. Lakini niliogopa pia kwamba ukiulizwa, ungewaambia: nilimuita mama mara tatu. Nilikukinga na nilijikinga kwa tendo lile lile, na mpaka leo sijui lipi lilitangulia.

Jioni ya siku ya tatu ulirudi nyumbani, ukaangalia kitanda, ukauliza iko wapi. Nikasema amekwenda Kasaji na nkambo.

"Bila kuniaga?"

Kwa hiyo ilibidi umuage. Nkambo aliyekuja kwa mazishi alikuwa bado yuko, treni yake ilikuwa kesho yake. Nilimuomba, nikapiga magoti kwa mama yangu. Alikataa, halafu akakubali. Tukakusanya nguo zote za Kayembe, tukazifunga ndani ya ile mbeleko ya kijani, na nkambo akazibeba mgongoni, akajifunika shali juu. Tulikwenda stesheni sisi watatu. Nkambo alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu ya nyumbani ili usisikie.

"Utamuambia lini?"

"Akikomaa."

"Atakomaa kesho, mwanangu."

Treni ilipoanza kutembea, nkambo akageuka dirishani ili uone mgongo. Na wewe ukapunga mkono. Ulikimbia kando ya behewa mpaka mwisho wa saruji, ukipunga na kuita jina lake. Ulipungia nguo mkono, mwanangu. Watu walikuwa wanakuonea huruma nzuri, wanatabasamu. Mimi nilisimama nikaona kwamba nimefanya jambo ambalo sitajua namna ya kulirudisha.

Baada ya hapo akaanza kukua.

Sijui kama kuna somo huko unakokwenda linaloeleza jambo hili, mtoto anayekua ndani ya nyumba na hayupo. Uliuliza kama ameota meno, nikasema mawili. Uliuliza kama anatembea. Kila mwaka mpya ulitaka tumpelekee nguo, na ulikuwa unapima kwenye mwili wa mtoto wa Mama Zaina, unasema, "Kayembe atakuwa mukubwa kidogo kupita huyu, baba yetu ni murefu." Tulinunua. Nilimpa mfanyabiashara wa treni anayekwenda Kasaji, na nkambo akawavisha watoto wa majirani. Unakumbuka ile karatasi yenye mkono uliochorwa kwa kuzungushiwa kalamu? Uliyoibandika juu ya kitanda chako? Nkambo aliichora kwa mkono wa mtoto yeyote aliyepita uani. Ulikuwa unaweka kiganja chako juu yake kabla ya kulala. Mimi nilikuwa naona mlangoni.

Alikuwa na namba yake ya kiatu. Alikuwa na tabia: nkambo alisema anapenda mihogo ya kuchoma, na wewe ukacheka, "Kama mimi." Kuna siku nilipika nikapakua sahani tatu. Nilisimama na ile ya tatu mkononi, sikujua niiweke wapi.

Na kuna lile la mfuko wa shule. Majirani wanakutania tangu shule ya msingi kwamba unabeba mfuko tumboni kama kangaruu wa kwenye picha. Unajibu kwamba unaogopa wezi. Ulianza kubeba hivyo wiki ile ile, Masengo, ukiwa darasa la pili, na ndani ya mfuko kulikuwa na daftari moja na embe. Tangu siku ile hujawahi kuweka kitu mgongoni. Watoto wa Mama Zaina umewalea, umewabeba kifuani, kiunoni, mabegani, mgongoni hapana. Hujui kwa nini. Mimi ninajua, na kila asubuhi ulipotoka kwenda shule nilikuona unavyokaza zile kamba kifuani, nikarudi ndani.

Ulikuwa na miaka kumi, tunatwanga mahindi, ukaacha mtwangio ukasema tu, kama mtu anayezungumzia mvua: "Mama, siku ile Kayembe alikuwa muzito."

Nikasema watoto wakilala wanakuwa wazito.

Ukaniangalia. Halafu ukaendelea kutwanga. Mpaka leo sijui ni kitu gani ulikiona usoni mwangu.

Nkambo alipofariki, miaka miwili iliyopita, ulitaka kwenda kumzika, na nikakukatalia, nikasema shule. Ulinichukia siku nyingi. Nisingeweza kukuacha ufike kwenye ule ua na umtafute. Ndipo nilipowatunga wale wajomba wa Dilolo. Vitu vya nkambo vililetwa na treni ndani ya sanduku, na mbeleko ilikuwamo, imekunjwa, inanuka moshi wa Kasaji. Uliiona. Ukasema, "Aliiacha?" Nikasema amekuwa mkubwa, haihitaji tena. Iko hapa magotini mwangu sasa ninapoandika. Ndege wamefifia.

Nimechoka, mwanangu. Siyo kwa mwili. Nikifungua bomba, maji yakitoka, nasikia "umuone." Wewe unaimba unafua, na mi nangoja wimbo unyamaze, na ukinyamaza nakuja mbio kuona uko wapi. Umewahi kuniuliza, "Mama, unanifuata nini?" Ndicho hicho.

Juzi ulikaa jikoni unatueleza masomo yako. Mama Zaina alikuwa anakutania kama kawaida yake.

"Eti batoto banasomewa. Mi nilikomazaka munane bila diplomu."

"Mama Zaina, na wale munane, wa kwanza anakuogopaka mpaka leo."

"Ananiheshimuka."

"Anaogopaka. Hata chai anakunywaka amesimama."

Tulicheka wote. Halafu ukasema, kwa sauti yako ile ya mtu anayekumbuka kitabu, kwamba mtoto anashika mambo kabla ya kujua kuyasema, kwamba mwili wake unakumbuka hata pale yeye amesahau. Mfuko wako ulikuwa umekaa tumboni, ulikuwa unatoka. Mama Zaina aliacha kucheka. Ulipotoka akaniambia, "Umuambie. Siku ile nilimupa kitumbua, nikamuambia ndugu yako iko safari. Ile kitumbua ingali inanikwama hapa." Akajigusa koo.

Sina mengi ya kukufundisha juu ya watoto. Wewe ndiwe unayekwenda kusoma. Nina kitu kimoja tu nilichokilipia. Mtoto anaposema umuone, anakuwa amekwisha kufanya kazi yake yote. Iliyobaki ni ya mkubwa. Wewe ulifanya yako mara tatu. Ulimfunika kichwa. Ulimpa maji. Ulishuka ndani ya maji uliyokuwa unayaogopa, na viatu vyako vipya, ili kuniletea habari. Ulimwimbia mpaka mwisho, na mwisho wake hakuwa peke yake, hakuwa chini kwenye mawe, alikuwa kwenye joto la mtu aliyempenda. Hilo hakulipata kwangu. Alilipata kwako. Kama kuna kitu ndani yako kinachosema vingine, na naamini kipo, kimekaa pale unapokaza zile kamba, basi kiambie mama yako amekiri.

Na usifikiri kwamba shauri lako la kusoma limekufa kwa sababu limeanzia kwenye uongo. Nilikuona na yule mtoto wa mwisho wa Mama Zaina, alipokuwa hasemi, wakubwa wanasema ni bubu. Ulikaa naye chini siku nzima mkipanga vifuniko vya chupa, hukumwambia sema. Jioni akasema jina lako. Hilo hukulisoma mahali. Uende ukalipatie maneno yake.

Kayembe amelala kwenye makaburi ya zamani, kupita kanisa, upande wa mikaratusi, mstari wa tatu. Hakuna msalaba, ule wa mbao ulioza. Siku ile, nilipotoka majini, nilikuwa na jiwe moja la kijani mfukoni, zuri, nililokuwa nimelitenga na mengine. Kilima chote kile nilichokimaliza sikurudi kukichukua, alikichukua yule mwizi. Jiwe lile tu ndilo lilibaki, na nililiweka kichwani pake. Kila nikienda nafikiri litakuwa limebebwa, kwa sababu hapa kwetu nani anaacha jiwe kama lile chini. Lipo. Zile siku ninazochelewa kwenye mashine ya unga, na wewe unagomba kwamba foleni gani hiyo, ninakuwa huko.

Nilipoanza kuandika, shauri langu lilikuwa kutia barua hii ndani ya mfuko wako, chini ya nguo, uikute Lubumbashi. Nilijisemea utakuwa na wenzako, utakuwa na walimu wanaojua mambo haya, mimi nitakuwa mbali na hutaona uso wangu. Nimefika hapa na nimeona ni jambo lile lile. Ni kukupa mgongo mara ya nne.

Kwa hiyo sitaitia kwenye mfuko. Nasikia Mama Zaina anakata uzi. Anakuambia ujiangalie kwenye kioo, unasema kichwa kinauma. Utaingia kwa geti hili la nyuma. Nitakupa daftari mkononi, na nitakaa kwenye kigoda mbele yako, nikikutazama, mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukitaka kulia, nipo. Ukitaka kunipigia kelele, Mama Zaina anajua, hatakuja. Ukiniuliza lolote nitajibu, hata likiwa lile ninaloliogopa, yaani kama nilikusikia. Nilikusikia, Masengo. Mara zote tatu.

Basi linaondoka kesho asubuhi, na kuna lingine keshokutwa. Makaburi yako njiani. Kama utataka, tutatoka mapema, nitakuonyesha jiwe. Kama hutataka nifuatane nawe, nimeandika mstari na upande hapo juu, utafika mwenyewe. Na kama utapanda basi bila kusema nami neno, nitasimama stesheni ya basi nikupungie mkono mpaka usionekane, na safari hii kutakuwa na mtu ndani.

Maharage yameungua. Nimesikia geti.

Mama Masengo